Ukatili kwa watoto, wazee na watu wenye ulemavu: maswali tunayoulizwa kila wiki ofisi ya kata

Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, hapa Dar es Salaam, upande wa Temeke. Kazi hii haina mshahara. Nikiwa zamu nakaa kwenye benchi nje ya mlango wa mtendaji, na watu wengi huniuliza hapo benchi kwanza, kabla hawajapata moyo wa kuingia ndani. Maswali ni yale yale, nikaona niyaandike na majibu yake. Majina sikuyaweka, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtu asitambuliwe na jirani yake.

Sina ushahidi, nasikia tu mtoto analia kila usiku. Nije hivyo hivyo?

Njoo hivyo hivyo. Hili ndilo swali la kwanza karibu kila siku, na ndilo linalochelewesha mambo kuliko umaskini na kuliko uchawi wote wa mjini.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aende kutoa habari serikali ya mtaa. Angalia hilo neno "au". Ushahidi ni kazi ya polisi na ustawi wa jamii. Wewe unaleta taarifa: nyumba iko wapi, umesikia nini, saa ngapi, mtoto ana umri gani kwa kukadiria, anaishi na nani. Mzazi au mlezi anayemnyima mtoto chakula huku uwezo anao, anayemkatalia matibabu au shule, naye ameguswa humo humo. Kosa halianzii kwenye damu.

Uswahilini tunaishi nyumba za vyumba sita, ukuta haufiki juu, unasikia hata jirani akigeuka kitandani. Mama mmoja aliniambia amesikia kipigo cha chumba cha tatu kwa miezi minne, akawa anaongeza sauti ya redio. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasubiri aone kwa macho. Siku aliyoona kwa macho, mtoto alikuwa tayari amevunjika mkono.

Kwa nini nianzie serikali ya mtaa, nisiende polisi moja kwa moja?

Nenda popote palipo karibu, hakuna atakayekurudisha kwa kukosea mlango. Au asikurudishe, niseme hivyo.

Ila wajibu wa kulinda ustawi wa watoto umewekwa kwenye mabega ya halmashauri, kifungu cha 94 cha sheria hiyo hiyo. Kwa Dar maana yake ni Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina maafisa ustawi wa jamii. Hao ndio wenye mamlaka ya kumwita mzazi, kufika nyumbani, kuchunguza, na pale inapobidi kuingia ndani wakiwa na askari. Tatizo ni kwamba kata nyingi hazina afisa wake mwenyewe. Mmoja anabeba kata kadhaa na hana gari. Ndiyo maana mjumbe wa shina, mwenyekiti, mtendaji wa mtaa na kamati yetu tupo: sisi ni macho na miguu yake.

Kama ni jinai ya wazi, yaani kubaka, kulawiti, kuchoma, kujeruhi, usizunguke. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi siku hiyo hiyo, sisi tutafuata nyuma.

Mtoto amebakwa leo. Kitu cha kwanza ni nini?

Hospitali. Na usimwogeshe.

Najua moyo wa mzazi unataka kumsafisha. Wiki moja mwaka jana alikuja mama na nguo za binti yake wa miaka 9, amezifua kwa sabuni ya unga, amezianika, amezipiga pasi, amezikunja vizuri na kuzifunga kwenye kitenge. Alinikabidhi kama mtu anayerudisha vyombo vya msibani. "Nimeleta ushahidi," akasema. Sikuwa na ulimi wa kumjibu. Basi wewe usifue. Nguo aliyokuwa nayo iweke kwenye gazeti au bahasha ya kaki. Mfuko wa nailoni unatunza unyevu na kuharibu kila kitu. Kama ameshaogeshwa au nguo zimeshafuliwa, nenda tu, kesi haijafa kwa sababu hiyo.

Saa ni muhimu. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ya kuzuia mimba, kwa binti aliyevunja ungo, haizidi saa 120. Anayekwambia "tusubiri baba yake arudi safari" anacheza na saa hizo.

Kuhusu PF3: ni fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza, nayo haiuzwi. Mtoto akiwa anavuja damu au ana maumivu makali, nenda matibabu kwanza, fomu itafuata. Kuna hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kwa mfano Amana, ambapo matibabu, ushauri nasaha, ustawi na polisi vinapatikana sehemu moja, usilazimike kusimulia habari ile ile kwenye milango minne. Ukitoka polisi hakikisha una namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, iandike hata kwenye kiganja.

Jambo la mwisho hapa, nalo tunaliharibu sana: usimhoji. Shangazi anamuuliza, jirani anamuuliza, mwalimu wa madrasa anamuuliza, kila mmoja anaongeza swali lake, mpaka mtoto anaanza kujibu kile anachoona mkubwa anataka kusikia. Mwambie, "Pole mwanangu, umefanya vizuri kuniambia, huna kosa." Yatakayomtoka mwenyewe yaandike kwa maneno yake, hata kama ni ya kitoto. Hasa kama ni ya kitoto.

Familia mbili zimekaa zikakubaliana, mtuhumiwa atalipa. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo kwa wote waliokaa kwenye mkeka ule.

Mahakama inaweza kuwapatanisha watu kwa makosa madogo ya kibinafsi, kama kofi la ugomvi wa maji ya bomba. Ubakaji haumo. Adhabu yake kisheria inaanzia miaka 30, na aliyembaka mtoto chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kosa la uzito huo si mali ya familia mpaka familia iliuze. Kesi ni ya Jamhuri. Mama na mtoto ni mashahidi.

Hata hivyo, nisijifanye sijui kwa nini watu wanakubali. Mara nyingi mtuhumiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Au ni mjomba aliyewapokea kutoka kijijini. Mama anaangalia laki tano mezani, anaangalia watoto wengine watatu, na anaambiwa "kesi zenyewe huwa haziishi." Nimeona mtuhumiwa akiachiwa kwa sababu shahidi alihamishiwa mkoani katikati ya kesi, nauli ikalipwa na upande wa pili. Mtoto naye alipelekwa huko huko, akaacha shule.

Kwa hiyo ukija kwetu na habari ya "kumalizana", hatutakugombeza kwanza. Tutakuuliza unaishi kwa nani na unakula nini. Bila kulijibu hilo, kukutisha na sheria ni kupoteza muda. Kuna msaada wa kisheria wa bure chini ya sheria ya mwaka 2017. Mashirika kama TAWLA (chama cha wanawake wanasheria), WiLDAF (la haki za wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yamezoea kesi hizi kwa miaka mingi. Lakini mwenyekiti wa mtaa yeyote anayegonga mhuri kwenye makubaliano ya namna hiyo ajue mhuri ule ni kielelezo dhidi yake.

Mtoto ana miaka 7 tu. Hakimu atamwamini?

Anaweza. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 127, inaruhusu mtoto mdogo atoe ushahidi bila kiapo. Anaahidi tu mahakamani kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Na kwenye makosa ya kujamiiana, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, ushahidi wake pekee unaweza kutosha kumtia mtu hatiani. Habari ya "hakuna aliyeona, kwa hiyo hakuna kesi" ni ya vijiweni.

Ushahidi wa makosa haya husikilizwa faragha. Hakuna umati, hakuna kijiwe cha boda kilichohamia mahakamani.

Mtoto wa kiume anaweza kufanyiwa hivi kweli?

Ndiyo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, ukahusisha UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwenye daftari letu wavulana ni wachache kuliko uwiano huo, maana wanaficha. Kijana anaogopa jina atakaloitwa mtaani kuliko anavyoogopa maumivu. Ukiona aliyekuwa anapenda madrasa au tuisheni ameanza kutoroka, au anakaa upande, au amekuwa na hasira za ghafla na kujikojolea usiku, usianze na fimbo.

Mwalimu kamchapa mpaka kavimba. Si viboko vinaruhusiwa?

Vinaruhusiwa kwa mipaka ambayo walimu wengi wanaijua na wazazi wachache wanaijua. Kanuni zilizorekebishwa 2002 zinasema visizidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, viandikwe kwenye daftari, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni. Mwombe mwalimu mkuu hilo daftari. Nina hakika mara nyingi mazungumzo yatabadilika hapo hapo.

Kilichozidi hapo ni shambulio kama shambulio lingine. Mpeleke hospitali, chukua PF3, toa taarifa kwa afisa elimu kata na kwetu.

Na nyumbani je? Mimi nililelewa kwa mkanda na sikufa.

Hata mimi. Sheria inasema adhabu kwa mtoto isiwe isiyo ya kiasi kwa aina yake au ukali wake, ukiangalia umri na hali ya mwili na akili yake. Kumning'iniza, kumchoma kwa kijiko cha moto kwa sababu kadokoa nyama, kumfungia nje usiku, hayo hayamo kwenye malezi ya mtu yeyote. Ukivunja sehemu hiyo ya sheria, adhabu inafika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 6, au vyote. Wengi wanaokuja kwetu kwa hili hawaendi jela; wanaitwa, wanakaa na afisa ustawi, wanaandika ahadi, wanafuatiliwa. Wakirudia, tunaonana kwa namna nyingine.

Jirani ana dada wa kazi anayeonekana mtoto kabisa. Ni jambo la kuripoti?

Angalia kwanza, kisha njoo tuzungumze. Umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, na hapo ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, hairuhusiwi kwa mtoto. Sasa pima: binti anayeamka saa 10 alfajiri kukanda unga wa chapati za biashara ya mama mwenye nyumba na kulala saa 5 usiku ameangukia wapi?

Wanashuka stendi ya Mbezi na begi moja na namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi. "Dalali" anachukua mshahara wa miezi ya kwanza. Kama binti hajawahi kuonekana nje ya geti, hana simu, haijui njia ya kwenda kituo cha daladala, na mshahara wake "unatunzwa", hiyo inaanza kunukia usafirishaji haramu wa binadamu, na sheria ya 2008 inahusika. Usimtoroshe mwenyewe usiku kwa boda. Kuna mtu alifanya hivyo kwa nia njema, akaishia yeye kushtakiwa kwa kuteka mtoto, na binti akarudishwa pale pale. Tuite.

Mkishapata taarifa mnafanya nini hasa?

Inaandikwa. Mtu anakwenda kuangalia, mara nyingi kwa kisingizio cha kawaida, kama kuhesabu vyandarua, ili mwenye nyumba asianze kumkanya mtoto kabla hatujamwona. Afisa ustawi anafanya tathmini: je, mtoto yuko salama kulala hapo usiku wa leo? Mengine yote yanafuata jibu la swali hilo. Kama ndiyo, unatengenezwa mpango na familia inatembelewa. Kama hapana, inatafutwa sehemu nyingine.

Hatumwambii mtu nani alileta habari. Ukweli ni kwamba uswahilini watu hukisia, na wakati mwingine wanapatia. Kama unaogopa, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, na taarifa itashuka mpaka kwetu bila jina lako kupita kwenye benchi langu.

Mkimchukua mtoto mnampeleka wapi?

Watu wanadhani tunapenda kuchukua watoto. Tungekuwa tunapenda, hatuna pa kuwaweka.

Kwanza tunatafuta ndugu: bibi, shangazi, mama mdogo, mtu ambaye mtoto mwenyewe anamtaja bila kusukumwa. Akikosekana, kuna walezi wa kuaminika, familia zilizopewa mafunzo na kuidhinishwa na ustawi kumpokea mtoto kwa muda. Makao, kama ya taifa yaliyopo Kurasini, ni mlango wa mwisho. Na mtoto hakai makao kwa barua ya mtendaji. Panahitajika mkono wa ustawi na amri ya mahakama.

Nyumba yoyote inayojiita kituo cha yatima na ikakubali kumpokea mtoto wako usiku bila karatasi, ikimbie.

Mtuhumiwa ni ndugu yake mwenyekiti. Nifanyeje?

Mruke. Nenda ofisi ya ustawi ya manispaa, Dawati la polisi, au 116. Huna sababu ya kupitia kwa mwenyekiti ndipo uende juu. Barua ya mwenyekiti ni ya kufungulia akaunti benki, siyo ruhusa ya kuripoti ukatili.

Kamati yenu ni ya wanawake na watoto. Mzee au mtu mzima mwenye ulemavu naye mnamshughulikia?

Jina letu halimtaji, na hilo ni pengo. Mtoto ana sheria moja inayosema kila kitu. Mtu mwenye ulemavu ana sheria yake ya 2010. Mzee ana sera, na vipande vya sheria nyingine unavyovishona mwenyewe. Lakini afisa ustawi ni yule yule, na ofisi ni ile ile. Leta.

Nikuonyeshe moja. Tuliambiwa kuna mtu "anafugwa" chumbani. Tukaenda na mtendaji saa 4 asubuhi. Mlango una kufuli kwa nje, ufunguo uko chini ya jiwe, kila mpangaji anajua. Ndani kuna kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye mtindio wa ubongo, kwenye godoro, feni imewashwa, pembeni sahani ya wali imefunikwa kwa kawa, kikombe cha maji kimefungwa kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa kitanda ili asikiangushe. Mtu ambaye amefunga kikombe kwa kamba ya kiatu hajamtupa mwanawe. Mama alikuwa sokoni Tandika na vitumbua vyake. Alikuja anakimbia, kanga imemvuka, akapiga magoti mbele ya mtendaji ambaye ni mdogo kuliko mwanawe.

Kisheria pale palikuwa na mtu mzima amefungiwa. Moto ungetokea, tungezika. Lakini ungemkamata yule mama ungetatua nini? Tulichofanya kilichukua miezi: jirani wa chumba cha pili alikubali kukaa naye asubuhi kwa ujira mdogo, kufuli likatoka, mama akaunganishwa na mazoezi ya viungo hospitalini, jina likaingizwa kwenye orodha ya kuombewa kiti mwendo. Kiti kilikuja kimechelewa, tena cha saizi ya mtoto. Tukakirudisha, tukasubiri kingine.

Zipo nyingine ambazo si hivyo. Kuna mwenye ulemavu anayetembezwa na "mlezi" kuomba kwenye mataa tangu alfajiri na hela haioni. Kuna binti kiziwi aliyepata mimba mbili bila mtu kumuuliza, kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya alama. Binti huyo ana haki ya mkalimani polisi na mahakamani. Useme tangu siku ya kwanza kwamba anahitajika.

Watoto wa bibi yetu wanamshinikiza auze nyumba. Hilo nalo ni ukatili?

Ni ukatili wa mali, na hapa mjini, kwa jinsi viwanja vilivyopanda bei, umekuwa mwingi kuliko wa fimbo. Unaanza kwa upole. "Bibi, huku kuna mafuriko, twende Chanika ukapumzike." Baadaye kunaletwa karatasi ya kuweka dole gumba.

Mauziano mengi ya uswahilini hupitia serikali ya mtaa. Ombeni mtendaji azungumze na bibi peke yake, chumba kingine, bila watoto wala mnunuzi. Aulizwe kwa maneno yake anauza nini, kwa kiasi gani, na atalala wapi. Kama mume yupo na nyumba ni ya ndoa, haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake, ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyosema. Mgogoro ukishaingia, baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mzee asiye na mtu kabisa, ustawi wanaweza kumwombea nafasi kwenye makazi ya wazee, kama Nunge kule Kigamboni. Watoto wakiwepo na wana uwezo, tutaanza kwa kuwaita wao.

Jirani anapigwa na mumewe, ila hataki kushtaki. Niripoti?

Huyu ni mtu mzima mwenye akili zake, na hapo njia zinatofautiana na za mtoto. Kwa mtoto huombi ruhusa. Kwa mwanamke mzima, muulize kwanza, akiwa peke yake, siyo kisimani mbele ya watu: "Dada, unataka nikusaidie nini?" Huenda anataka tu mtu wa kutunza vyeti vya watoto na nguo chache siku ikifika. Tunza. Mwambie Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumchapa mwenzake. Wengi hawajawahi kusikia.

Ukisikia silaha, au anakabwa shingo, usisubiri ridhaa. Piga 112, gonga mlango na wenzako. Na kama watoto wanaona yote hayo, kwa upande wao tayari una taarifa ya kuleta.

Video ya mtoto akifanyiwa ukatili inazunguka WhatsApp. Niisambaze ili mhusika apatikane?

Usiisambaze. Picha ya ngono ya mtoto ikipita kwenye simu yako kwenda nyingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu wewe, hata kama uliandika "jamani tumtafuteni huyu mnyama". Nenda polisi na simu iliyoipokea, waonyeshe nani alikutumia na lini. Yule mtoto atakua. Atakuwa na miaka 20, na video itakuwa bado ipo kwenye kundi la wazazi wa darasa la nne.

Binti wa miaka 16 anaozwa Jumamosi. Si sheria ya ndoa inaruhusu?

Sheria ya 1971 iliruhusu msichana kuanzia 15 kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, kwenye kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliona vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Kama ni mwanafunzi hakuna mjadala hata kidogo: kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Njoo Jumatano, usije Jumamosi pilau lishaiva.

Mwanangu wa miaka 15 kakamatwa, wanasema ni Panya Road, yale magenge ya vijana. Hili nalo ni lenu?

Ndiyo. Ni mtoto. Kesi yake inapaswa kwenda Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu, na afisa ustawi awepo. Hatakiwi kuchanganywa na watu wazima mahabusu. Dar kuna mahabusu ya watoto Upanga. Na sheria haimfungi mtoto jela. Wahi kituoni na cheti cha kuzaliwa, maana kijana mrefu akikosa karatasi anaandikwa miaka 19.

Ofisi yenu inafunguliwa saa ngapi, na usiku je?

Saa 1:30 asubuhi mpaka saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Mchana nenda dirisha la pili, la kwanza ni la leseni za biashara na foleni yake ni ndefu. Ukisema "ustawi" utapishwa, huna haja ya kutaja shida yako mbele ya watu. Usiku na sikukuu, polisi na hospitali hazifungwi. Namba ya mtendaji ilikuwa imebandikwa mlangoni, mvua za masika zikaifuta tarakimu mbili za mwisho. Tumeiandika upya kwa rangi ya mafuta, ukutani, chini kidogo, ili hata mtoto wa darasa la pili aweze kuisoma.